Nissan Silvia S15: Kasoro Zilirekebishwa, Wanunuzi Hawakuja

Januari 1999 watengenezaji wawili wa Japani walizindua magari yasiyofanana hata kidogo. Toyota walitoa Vitz. Nissan walitoa Silvia mpya, ile ambayo wapenzi wa magari wanaiita kwa namba ya bodi yake, S15. Vitz haihitaji utambulisho kwa msomaji wa Kiswahili. Ukisimama dakika tano kwenye taa za barabarani Dar es Salaam au Nairobi utaziona za kutosha, na huko kwao ilichukua tuzo ya Gari la Mwaka la Japani ya 1999-2000. Silvia S15 ilikaa sokoni miaka mitatu na nusu hivi. Agosti 2002 uzalishaji ulisimama, na tangu hapo Nissan hawajauza Silvia nyingine.

Sababu inayotajwa kila mahali ni sheria ya moshi. Serikali ya Japani ilikaza viwango, injini ya Silvia ilikuwa ya zamani, gari likafa. Maelezo hayo yana ukweli, ila nimeyaona yakitosheleza watu upesi mno. Sheria ilipofika, Silvia ilikuwa imeshalala kitandani. Kilichoiangusha kinaanza miaka kumi nyuma, na kinahusu zaidi nani alikuwa akilizungumzia gari hili na nani alikuwa akilipa.

Urithi wa S13 na kosa la S14

Jina Silvia ni la tangu 1965, wakati Nissan walipotoa kupe ndogo, yaani gari la milango miwili, iliyoundwa kwa kazi nyingi ya mikono. Zilitoka 554 tu. Vizazi vilivyofuata miaka ya sabini na themanini havina uzito mkubwa katika kisa hiki. Hadithi yenyewe inaanza Mei 1988 na S13.

S13 ilikuta Japani imejaa pesa. Bei za ardhi na hisa zilikuwa zimepaa kupita kiasi, benki zinakopesha bila kuuliza sana, na kijana mwenye ajira yake ya kwanza aliweza kununua gari jipya la milango miwili kwa ajili ya matembezi ya jioni na mchumba. Honda Prelude ndiyo iliyotawala soko hilo. Nissan wakajibu kwa gari lenye sura laini, bodi ya chini, injini mbele na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Matoleo yake waliyapa herufi za karata: J's, Q's na K's, ya mwisho ikiwa ndiyo yenye turbo. Mwaka huo huo ilipata tuzo ya Gari la Mwaka la Japani pamoja na tuzo kuu ya ubunifu. Kufikia mwisho wake, S13 zilizouzwa Japani zilikuwa takribani 300,000, bila kuhesabu pacha wake 180SX.

Kumbuka idadi hiyo. Ndiyo sifa kubwa ya Silvia, na ndiyo iliyokuja kuiumiza.

S14 ilitoka Oktoba 1993, na hapa inabidi kueleza jambo moja la Kijapani. Namba za usajili huko zinagawanya magari madogo katika makundi kwa vipimo. Gari lisilozidi urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7 na injini ya lita 2 linapewa namba inayoanza na 5. Likizidi kipimo kimojawapo linaingia kundi la 3. Hadi 1989 kuvuka mstari huo kulimaanisha kodi ya mwaka kubwa zaidi kwa kiasi cha kuogofya. Mwaka huo kodi zikapangwa upya, adhabu ya upana ikaondoka, na wahandisi wa Nissan wakapumua. S14 wakaichora na upana wa milimita 1,730.

Kwa karatasi ilikuwa hatua nzuri. Gari pana linashika barabara vizuri zaidi, na S14 kweli ilikuwa na bodi ngumu kuliko S13 na turbo yenye nguvu za farasi 220. Lakini ilichorwa enzi za neema ikaingia sokoni enzi za ukata. Uchumi ulikuwa umepasuka. Mnunuzi wa Kijapani aliyebaki na pesa alikuwa akitazama magari ya familia yenye nafasi, na mpenzi wa Silvia naye akanung'unika kwamba gari lake limenenepa, limepoteza wepesi, sura imepooza. Mwaka 1996 Nissan walibadilisha uso wa S14, wakaipa taa kali zilizokunja ndita, na malalamiko yakapungua. Mauzo yalikuwa yameshakwenda. S14 zilizouzwa Japani maisha yake yote ni kama 85,000.

Kutoka 300,000 hadi 85,000. Kampuni nyingi zingefunga duka hapo.

Nissan walisikiliza

Hawakufunga. Waliamua kufanya jambo ambalo wapenzi wa magari wanaliomba kila siku na ni nadra kulipata: walichukua orodha ya manung'uniko na kulijenga gari kutokana nayo.

Upana ukarudishwa hadi milimita 1,695, milimita tano ndani ya mstari wa kundi la 5. Urefu ukapunguzwa hadi 4,445. Bodi ikaongezwa ugumu, na toleo la juu likatoka kiwandani na chuma kinachounganisha vichwa vya shokapu za mbele, kitu ambacho vijana walikuwa wakikinunua kwa pesa zao na kukifunga wenyewe. Herufi za karata ziliachwa, yakabaki majina mawili: Spec-S isiyo na turbo, farasi 165, na Spec-R yenye turbo, farasi 250 kwa mizunguko 6,400 na msukumo wa takribani Nm 275. Spec-R ya gia za mkono ilikuwa na uzito wa kilo 1,240 hivi. Kwa kupima haraka, ni farasi mmoja kwa kila kilo tano. Zipo kupe za leo za bei mbaya zisizofika hapo.

Injini ni ile ile SR20DET, mitungi minne, lita 2, bloku ya aluminiamu, iliyoanza kutumika kwenye S13 mwaka 1991. Kila aliyewahi kuishughulikia anajua inavumilia kuongezwa presha ya turbo bila kulalamika mapema. Nissan hawakuibadilisha roho. Walibadilisha mpangilio wa turbo na sindano za mafuta. Kwenye nguzo ya kioo cha mbele, upande wa dereva, walichomeka geji moja ya duara: kwa Spec-R inaonyesha presha ya turbo, kwa Spec-S inaonyesha presha ya oili. Hilo nalo lilikuwa jambo la vijana wa gereji, sasa limetoka kiwandani likiwa na dhamana.

Sehemu moja walikosea, nayo ni giaboksi. Spec-R ilipewa gia sita za Aisin badala ya tano. Giaboksi hiyo ni ya familia moja na ile iliyofungwa kwenye Toyota Altezza ya mwaka 1998, pia ikatumiwa na Mazda kwenye Roadster ya wakati huo. Kwenye Altezza isiyo na turbo inafanya kazi yake kwa furaha. Nyuma ya SR20DET, hasa ikishaongezwa nguvu, ina sifa ya kuchoka mapema, na gia zake zinaingia kwa kukwaruza ukilazimisha. Ndiyo maana utaona S15 nyingi za mashindano zimerudishiwa gia tano za zamani au zimewekewa giaboksi nyingine kabisa. Gia sita zilivutia kwenye tangazo. Fundi alipendelea tano.

Difu ya Spec-R ilikuwa ya kuzuia tairi moja kuzunguka bure, ya aina ya helikali, na breki za mbele zilikuwa na pistoni nne. Nyuma, kila gurudumu lilishikwa na mikono kadhaa inayojitegemea, mfumo uliotokana na S13. Aliyetaka usukani unaogeuza kidogo na magurudumu ya nyuma aliweza kuulipia, ingawa wengi wa waliokuja kulisereresha gari kwa makusudi kwenye kona (drift) waliung'oa jambo la kwanza.

Bei ya Spec-R ilikuwa karibu na yen milioni 2.4. Vitz za chini ziliuzwa chini ya yen milioni moja. Kwa kilichokuwa ndani yake Silvia haikuwa ghali hata kidogo, na hilo ndilo linalofanya kisa hiki kistahili kuchambuliwa: bei ilikuwa ya haki, vipimo vimerudishwa, nguvu zimeongezwa, sura imekubalika. Ukikaa na orodha ya malalamiko ya 1994 huoni lililoachwa.

Kampuni iliyokuwa inazama

Miezi miwili tu baada ya uzinduzi, Machi 1999, Renault ya Ufaransa ilikubali kununua asilimia 36.8 ya Nissan. Kampuni ilikuwa na madeni ya kutisha. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2000 ulifungwa na hasara ya yen bilioni 684. Carlos Ghosn kutoka Renault aliingia akiwa mkuu wa uendeshaji katikati ya 1999, na Oktoba 18 mwaka huo akatangaza mpango wa kuifufua kampuni: viwanda vitano vifungwe, ajira 21,000 zipunguzwe, wauzaji wa vipuri wapunguzwe karibu nusu, madeni yashuke kutoka yen trilioni 1.4 hadi bilioni 700.

Weka Silvia mbele ya meza hiyo. Bodi yake ilikuwa haitumiki na gari jingine lolote jipya, kwa kuwa 180SX ilikuwa imeondolewa ili Silvia ichukue wateja wa pande zote mbili. Marekani haikuwepo kwenye hesabu: huko S14 iliuzwa kwa jina la 240SX, na injini ya lita 2.4 isiyo na turbo, ikadorora na kuondolewa mwaka 1998. S15 haikupelekwa huko kabisa. Nje ya Japani iliuzwa rasmi Australia na New Zealand tu, kwa jina la 200SX, na huko ilipunguzwa nguvu hadi kilowati 147. Ulaya nayo haikuipata.

Kwa hiyo gari lenye bodi ya peke yake lilitegemea soko moja kubwa, na soko hilo lilikuwa linasinyaa. S15 zote zilizotengenezwa ni takribani 43,000. Gawanya kwa miezi ya uhai wake unapata kama elfu moja kwa mwezi. Kiwanda cha magari ya bei ya kati hakiishi kwa hesabu hiyo, hata kama kila moja ingeuzwa bila punguzo.

Ghosn analaumiwa sana na mashabiki katika jambo hili. Sioni haki yake. Mhasibu yeyote, Mfaransa au Mjapani, angefika mahali pale pale, na asingehitaji asubuhi nzima.

Waliolipenda hawakulinunua

Hapa ndipo naona kiini cha kisa.

Mwaka 2001 ulikuwa mwaka mtamu wa Silvia S15 uwanjani. Msimu wa kwanza wa D1 Grand Prix, mashindano ya kusereresha magari kwa ustadi, ulichukuliwa na Nobuteru Taniguchi akiwa kwenye S15 ya HKS, kampuni ya vipuri vya kuongeza nguvu za magari. Mwaka huo huo S15 ilishinda ubingwa wa madereva wa daraja la GT300 katika mbio za magari ya GT za Japani. Baadaye, gari lenyewe likiwa halitengenezwi tena, mabingwa wa D1 wa 2004 na 2005 wote walikuwa ndani ya S15. Huwezi kuomba tangazo zuri kuliko hilo.

Mauzo hayakusogea.

Mtu anayekwenda uwanja wa Ebisu kule Fukushima siku ya Jumapili na tairi za akiba nyuma ya gari anajua kwamba jioni bampa inaweza kurudi ikiwa ndani ya buti. Gari jipya la yen milioni 2.4 kwa kazi hiyo ni wazimu. Na pale barabarani zilikuwepo S13 mamia ya maelfu, pacha zao 180SX, na S14 zilizoanza kushuka bei, zote na injini ya familia moja kuanzia zile za 1991, zote zinapokeana vipuri kwa urahisi wa ajabu. Shokapu, difu, giaboksi, hata injini nzima: kitu cha S14 au S15 kinaingia kwenye S13 kwa kazi ndogo. Vijana wakasubiri wenye pesa wachache wanunue S15, wagonge, wavunje, kisha wao wakanunua injini yake ya farasi 250 na kuiweka kwenye S13 ya bei ya mkaa.

Silvia ilikuwa inashindana na Silvia. Kila kilichoifanya ipendwe, uimara wa SR20, vipuri vinavyoingiliana, wepesi wa kuirekebisha, kilimpa mteja sababu ya kubaki na ile ya zamani. Nissan walikuwa kama mama lishe anayesifiwa pilau yake mtaa mzima na watu walioshiba kiporo chake cha jana.

Na yule mnunuzi wa 1988, kijana mwenye kazi mpya anayetaka gari zuri la matembezi, ambaye hakujali difu wala presha ya turbo? Huyo ndiye aliyekuwa amenunua sehemu kubwa ya zile S13 300,000. Mwaka 1999 alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, ana watoto, na Honda walikuwa wamemwonyesha tangu 1994 kwamba Odyssey inabeba familia nzima bila aibu. Mdogo wake aliyemfuata hakuwa na ajira ya uhakika na alinunua Vitz, au hakununua kitu. S15 haikuwa na la kumwambia yeyote kati yao. Sura yake ilikuwa kali, viti vya nyuma ni vya mapambo, na matangazo yalizungumzia uendeshaji. Walipojaribu kumrudia mtu wa matembezi, walitoa Varietta mwaka 2000, S15 yenye paa la chuma linalojikunja na kuingia kwenye buti, injini isiyo na turbo. Ilikuwa kazi nzuri ya Autech, karakana ya Nissan ya matoleo maalumu. Zilitengenezwa zaidi kidogo ya elfu moja.

Nasema hivi nikijua wapenzi wa S15 watanuna: orodha ya malalamiko ya S14 iliandikwa na watu wasiokuwa na mpango wa kununua gari jipya. Nissan waliitii neno kwa neno. Upana wa milimita 35 haukuwa sababu ya S14 kushindwa, au ulikuwa sababu ndogo sana. Kundi zima la kupe za bei ya kati lilikuwa linaporomoka, Prelude ikiwemo, ambayo nayo Honda waliifunga mwaka 2001. Malalamiko kuhusu upana yalisikika kwa sababu waliokuwa wakiyatoa wana sauti. Aliyehamia kwenye Odyssey hakuandika barua kwa gazeti la magari kueleza kwa nini ameondoka.

Sheria ya moshi, na ushahidi wa X-Trail

Sasa tuirudie sheria. Tangu 1978 kiwango cha Japani cha oksidi za nitrojeni kwa magari ya petroli kilikuwa gramu 0.25 kwa kilomita. Kanuni mpya zilizoanza kutumika 2000 zilikishusha hadi gramu 0.08. Magari ya muundo mpya yalianza kubanwa Oktoba 2000. Yale yaliyokuwa yakiendelea kutengenezwa yalipewa muda, na muda huo ukaisha mwishoni mwa Agosti 2002. Ndiyo maana mwezi mmoja ulizika magari mengi yenye heshima: Skyline GT-R R34, Mazda RX-7, Toyota Supra na Silvia S15. Ukisoma majina hayo pamoja unaelewa kwa nini watu wanaikumbuka Agosti 2002 kama msiba.

Lakini angalia kilichotokea upande wa pili wa kiwanda kile kile. Februari 2001 Nissan walitoa X-Trail GT. Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua X-Trail ya kizazi cha kwanza bila kuonyeshwa picha. Nyingi zilizokuja kwetu zina injini za QR zisizo na turbo. GT ilikuwa na SR20VET: SR20 yenye turbo, lita 2, kichwa kipya cha silinda chenye valvu zinazobadili mwendo wake, farasi 280. Iliuzwa Japani kabla na baada ya Agosti 2002.

Yaani familia ya injini iliyosemwa imeuawa na sheria iliendelea kuuzwa, tena na nguvu za farasi 30 zaidi ya Spec-R, kwenye gari la kubebea watoto shule na mizigo ya sokoni. Kuisafisha SR20 kuliwezekana. Kulihitaji pesa za wahandisi, na pesa hizo zilikwenda mahali palipokuwa na wateja. Kwa X-Trail kila senti ilikuwa na nafasi ya kurudi. Kwa Silvia ya magari elfu moja kwa mwezi, na kampuni ikiwa imetoka hospitalini juzi, hakuna meneja ambaye angetia saini.

Kanuni za moshi zilichofanya ni kuweka tarehe. Bila hizo Silvia ingeendelea labda mwaka mmoja au miwili, ikipewa stika mpya na rangi mpya, kisha ingefungwa kimyakimya kwenye ukurasa wa ndani wa taarifa ya mwaka.

Je, ingeokoka?

Njia moja ilikuwepo, na Nissan wenyewe waliitumia kwa gari jingine. Julai 2002, mwezi mmoja kabla Silvia haijafungwa, walizindua Fairlady Z mpya. Bodi yake ilichangia msingi na Skyline ya V35, ambayo Marekani iliuzwa kama Infiniti G35. Injini yake ya V6 lita 3.5 ilikuwa ikifungwa kwenye magari ya Nissan ya kila namna. Na ililengwa Marekani tangu siku ya kwanza. Z ilipona kwa sababu gharama zake zilibebwa na ndugu zake.

Silvia haikuwa na ndugu. Kuipata S16, kizazi ambacho kingefuata, kungehitaji kuichonga kutoka msingi huo huo wa Z, na hapo ingekuwa nzito na ghali, ikigongana na Z yenyewe kwenye chumba kimoja cha maonyesho. Njia ya pili ingekuwa kutafuta mshirika nje ya kampuni. Miaka kumi baadaye Toyota na Subaru walifanya hivyo: 86 na BRZ za mwaka 2012, kupe moja yenye nembo mbili, lita 2, farasi 200, magurudumu ya nyuma yanasukuma, gharama za kuibuni zimegawanywa na gari likapelekwa dunia nzima. Hilo ndilo gari ambalo S15 ilipaswa kuwa kibiashara. Halina turbo wala halina ukali wa Spec-R, na limeuzwa kwa wingi ambao S15 haikuuota. Mwaka 1999 Nissan walikuwa na mshirika mmoja tu, Renault, ambaye magari yake yalikuwa ya magurudumu ya mbele.

Mwaka 2013 Nissan walionyesha IDx kwenye maonyesho ya Tokyo, kupe ndogo ya magurudumu ya nyuma. Watu walishangilia tena. Haikutengenezwa.

S15 leo

Bei ya S15 safi imepanda hadi kulifanya liwe gari la mkusanyaji. Sheria ya Marekani inaruhusu kuingiza gari lisilotengenezwa kwa viwango vyao likishatimiza miaka 25, kwa hiyo S15 za kwanza zilianza kuingia huko kihalali Januari 2024. Soko ambalo kukosekana kwake kulichangia kuliua gari hili sasa linalinunua kwa bei ambayo Nissan hawapati hata senti yake.

Afrika Mashariki hazikufika nyingi. Usukani upo upande wetu, lakini Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na S15 ilipotimiza umri huo bado ilikuwa ikigombewa Japani kwenyewe. Tanzania haina ukomo kama huo, ila ushuru wa nyongeza kwa magari makuukuu unaongeza mzigo juu ya bei ambayo tayari ni kubwa. Kwa anayetaka ladha ya karibu, Altezza ya gia sita za mkono ndiyo jirani yake wa kweli, pamoja na giaboksi yake ya ukoo mmoja, na fundi anayeijua yupo.

Anayepata S15 inayouzwa ahakikishe kwanza kama ni Spec-R. Bodi ni moja, na Spec-S nyingi zimewekewa SR20DET iliyotolewa kwenye gari jingine, wakati mwingine ya S14 au hata ya S13. Atazame geji ya kwenye nguzo: ikiwa ni ya oili na muuzaji anasema gari lilizaliwa na turbo, aulize zaidi. Atazame breki za mbele kama zina pistoni nne. Aingize gia ya sita. Ikiwa haipo, inaweza kuwa ni marekebisho ya busara ya mwenye gari aliyechoka kuvunja giaboksi, au inaweza kuwa ni Spec-S iliyovalishwa, na vibao vya chasi na injini ndivyo vitakavyomaliza ubishi. Halafu apige magoti aangalie chini, mikono ya magurudumu ya nyuma na kingo za matao, kwa kuwa S15 ambayo haijawahi kusereresheka imekuwa adimu kuliko S15 yenyewe.